Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara na Lindi: kula pamoja siyo kudaiana

Wanangu, wajukuu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba, salamu. Naandika sasa hivi maana msimu wa korosho ndo huo, minada ikianza hela zinaingia, na mitoko yenu naiona.

Nyie wa kiume kwanza. Kijana kalipwa hela ya korosho, wiki hiyohiyo keshampeleka binti Shangani pale Mtwara mjini, kuku mzima, chipsi, soda, bodaboda kwenda na kurudi, anakuja kushtuka mwezi wa pili hela ya palizi hana. Lakini hilo la hela dogo, kubwa ni kudhani ukishamlisha mtu basi umemnunua. Nawasikia vijiweni, "kala hela yangu yule". Kala kuku, mwanangu, na wewe ulikula naye, mmemalizana palepale mezani. Akisema anataka kwenda kwao mwitie bodaboda aende, usimdai, usimtukane, usimuweke stetasi. Ukimlazimisha umembaka, na sheria yetu kifungo chake hakipungui miaka 30, hata kama bili yote ulilipa wewe.

Mabinti na nyie, umealikwa peke yako unakuja na mashoga watatu bila kusema, mnaagiza na vya kufungiwa mwende navyo, hapana jamani. Katumiwa mtu nauli, hataki kwenda, anaila na simu anazima! Kama hutaki mwambie hutaki. Na kila mtoko beba hela yako japo ya bodaboda, ili ukitaka kuondoka usimuombe mtu ruhusa.

Hili la geto ndo linaniuma zaidi. Hata mwezi hamjajuana, binti keshaenda geto anakuna nazi, anasonga ugali, anafua mashuka, ati aonekane wa kuoa, na kijana mlango wa kwao binti haujui. Unyagoni tulifundwa kumtunza mume, mume jamani, siyo kila aliyekununulia mishikaki. Mkitaka kupika pikeni wote, nendeni Feri asubuhi mkachague samaki pamoja, hapo utamuona anavyoongea na mama muuza samaki wakishindwana bei, akimfokea yule na wewe zamu yako inakuja. Kijana akune nazi, binti akaange, mpishane jikoni mjuane.

Na siyo kila siku kuku. Nunueni ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha, chumvi na pilipili, mkakae ufukweni Mikindani mchana kweupe muulizane ya maana, una madeni, unakunywa, watoto unao, dini itakuwaje.

Kijana ukiona huyu ndiye, acha kuzidisha mitoko, hiyo hela tia nauli ukamuone mjomba wake, huku kwetu mjomba ana neno. Ukikosa mtu mzima wa kukutanguliza niambie, nitakwenda na wewe.

Bibi yenu, Mikindani