Barua kwa mwanangu: gari likigoma kuwaka

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa Mbagala. Tangu uliponipigia simu juzi usiku, gari limekugomea Kigamboni na uko peke yako, sijapata usingizi wa maana. Namshukuru Mungu ulifika salama. Ila kuna neno limenikaa rohoni: yule fundi kukuambia ununue stata mpya, ile mota inayozungusha injini ili iwake, wakati hata boneti hajafungua.

Yalishanikuta hayo. Ulikuwa darasa la pili, tunatoka kwa bibi yako Kibaha, gari likazima Kimara. Nikabadilisha stata kwa pesa niliyoiweka kwa ajili ya ada yako. Kesho yake likagoma tena. Kumbe kichwa cha betri kilikuwa kimelegea. Spana namba kumi ingemaliza kazi. Iliniuma sana, mwanangu, na sitaki ikuume wewe.

Kwa hiyo kabla hujamwita mtu, zungusha ufunguo usikilize. Likiwa kimya na taa za dashibodi haziwaki, anza na betri na vichwa vyake. Likilia tik-tik-tik haraka haraka huku taa zinafifia, umeme upo lakini hautoshi. Hapo pia ni betri, au vichwa vina kutu. Taa zikiwa kali, ukasikia "tak" moja tu, hapo ndipo stata inashukiwa. Na kama injini inazunguka kwa nguvu ila haishiki, betri na stata ni wazima, asikuuzie mtu. Tafuta kwenye mafuta au kwenye moto wa plagi. Fungua ufunguo bila kupiga stata, utege sikio siti ya nyuma: kwenye magari mengi pampu ya mafuta huvuma sekunde mbili hivi. Ukikosa mlio huo, angalia fyuzi yake kwanza. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, inaungua.

Gari lako ni auto, kwa hiyo hakikisha gia iko P, au jaribu N. Wakikuambia wakusukume kidogo litawaka, wakatalie kwa heshima. Hiyo ni ya gari la manyuo.

Ninachokihofia zaidi ni betri. Joto letu hili huzichosha mapema, na huko unakokaa karibu na bahari chumvi haikawii kuleta kutu. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, zima gari, toa waya wa negativu (wenye alama ya –) kwanza, sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya moto, kausha, kisha kaza. Ukipima betri kwa mita ya umeme, isome volti 12.6 gari likiwa limepumzika. Ikishuka chini ya 12, betri imeisha chaji. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipofika hapo, altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haifanyi kazi, na betri mpya utakayonunua nayo itakufa vilevile.

Ukiazima umeme wa gari la jirani, waya mwekundu uanzie kwenye pozitivu (alama ya +) ya betri yako, uende pozitivu ya mwenzako. Mweusi uanzie negativu ya mwenzako, na ncha yake ya mwisho ibane chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayowaka, na cheche huruka pale unapounga mwisho. Hili usilisahau hata ukiwa na haraka.

Na masika haya, maji yakijaa kwenye bonde la Jangwani, geuza. Gari likizimika ndani ya maji usijaribu kuliwasha kabisa. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, yanapinda koneksheni rodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, na hapo injini nzima imekwenda. Shuka, okoa roho yako kwanza, gari litavutwa.

Waya za kuazimia umeme nimeshakununulia, nene, pamoja na mita ndogo na spana namba kumi. Viko kwenye mfuko wa bluu nyuma ya mlango. Njoo Jumapili baada ya ibada, baba yako atatoa gari lake uwani, uunge mwenyewe huku nakuangalia.

Mama yako