Luva za mbao hazikuoza zenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wapangaji na wenye nyumba wenzangu wa Upanga, Kisutu na kwingineko kwenye majengo ya zamani, ambako bado kuna luva za mbao zinazofungukia ndani, yaani zile fremu za dirisha zenye vibao vinavyogeuzwa. Mtaani kwetu kila nyumba ikikarabatiwa, luva ndizo za kwanza kutupwa nje, dirisha likawekwa aluminiamu ya kusukuma. Ukiuliza, unaambiwa zimeoza. Mimi nasema tumeziozesha wenyewe.

Tunaziosha kama tunavyodeki sakafu: ndoo, sabuni ya unga, tambara linalochuruzika. Maji yanaingia pale kibao kilipochomekwa kwenye fremu, yanakaa humo, na kuvu inaanzia hapo. Luva husafishwa kavu. Mimi natumia brashi ya rangi ya inchi mbili ambayo haijawahi kuchovywa kwenye kopo. Naanza kibao cha juu nikishuka, nageuza vibao, narudia upande wa pili. Kisha tambara lililokamuliwa hasa, na kavu nyuma yake. Kwa sisi tulio karibu na bahari hayo matambara mawili si ya kurukwa, maana upepo unaleta chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ndiyo maana bawaba za chuma zinashika kutu hata kwenye chumba kisichopigwa na mvua. Skrubu zikishakwisha, nunua za shaba. Pini ya bawaba inatosheka na tone la mafuta ya cherehani; yanayobaki yafutwe, yasinase vumbi.

Sasa masika. Mbao zinavimba, luva inakwama, fundi anaitwa na randa yake. Mpwa wangu alimwita mmoja mwezi Aprili, akaranda mpaka zikafunga vizuri. Kufika Agosti mbao zilikuwa zimesinyaa, mwanya umebaki wa kupitisha kidole, na mbu wa mtaa mzima wanajua njia. Jamani, subirini mvua ziishe. Kama Julai bado inakwama, tazama kwanza bawaba ya juu. Mara nyingi skrubu zimelegea tu na luva imeinama. Jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao, acha ikauke, rudisha skrubu.

Ukikuta vitundu vidogo na vumbi laini kama unga chini ya dirisha, huyo ni bungua. Mchwa huacha njia za udongo ukutani. Dawa ya mchwa huanzia kwenye ukuta na msingi wa nyumba, kwa hiyo kubadilisha ubao peke yake ni kumpelekea chakula kipya.

Kuhusu rangi nitasema machache, ingawa ndiyo inayoniudhi zaidi. Kupaka rangi juu ya rangi, bawaba na kijiti cha katikati kinachogeuza vibao vyote vikafunikwa, ndiko kunakogandisha vibao visigeuke tena. Lakini msikimbilie msasa mkavu: rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake lina madhara makubwa kwa watoto wadogo. Lowesha msasa kidogo, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa tambara bichi. Usilifagie.

Najua kuna atakayesema haya yote ni kazi, aluminiamu haina kazi. Sawa. Lakini aluminiamu ya kusukuma hufungua nusu ya dirisha tu, na mvua ikija unaifunga yote. Luva unainamisha vibao, mvua inabaki nje, upepo unapita, na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, hauendi wote kwenye feni.

Tatizo langu la sasa ni vibao viwili vilivyovunjika, vya mninga, unene wa milimita nane. Nimezunguka Keko, kila seremala ananishauri nitengeneze dirisha jipya. Kama yupo anayechonga bado kibao kimoja kimoja, tafadhali atangaze kwenye gazeti lako.

Mstaafu,
Upanga Mashariki, Dar es Salaam