Risala ya Wasomaji wa Bunilizi za Kisayansi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa klabu ya wasomaji wa bunilizi za kisayansi tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu.

Shughuli yetu kuu ni kupendekezeana vitabu, na mara nyingi tunachopewa ni kumbukumbu tu: chombo kilichopotea angani, mhandisi mkaidi, jalada la bluu. Jalada tumeacha kulitegemea, kwa kuwa kila mchapishaji hubuni lake. Hata jina la kitabu hupotosha, kwani riwaya ya Alfred Bester iliyotoka Uingereza mwaka 1956 kama Tiger! Tiger! ndiyo hiyo hiyo inayojulikana Marekani kwa jina la The Stars My Destination. Kwa hiyo huanza na jina la mwandishi, kisha tukasoma ukurasa wa haki za uchapishaji kabla ya kubishana. Anayependekeza riwaya ya Frankenstein naye hutakiwa kutaja toleo, maana lile la 1818 na lile ambalo mwandishi wake, Mary Shelley, alilirekebisha mwaka 1831 hayalingani.

Hadithi fupi ndizo zinazotutoa jasho. Nyingi zilitoka kwanza katika majarida, likiwemo Amazing Stories lililoanzishwa na Hugo Gernsback mwaka 1926, ndipo baadaye zikakusanywa vitabuni. Na katalogi mara nyingi hutaja jina la mkusanyiko bila kuorodhesha hadithi zilizomo. Hapo humwendea mkutubi, ambaye swali lake moja huokoa wiki nzima ya kupekua.

Vilevile, maktaba inapopanga riwaya kwa namba za Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, fasihi hugawanywa kwa lugha ya asili, na ile ya Kiingereza ya Marekani hutengewa namba zake, hivyo Mfaransa Jules Verne hukaa kwenye 843, Mwingereza H. G. Wells kwenye 823, na Wamarekani kwenye 813. Asiyelijua hilo huinamia rafu moja na kuondoka akidhani amemaliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kuwashawishi wasimamizi wa maktaba watufungulie majarida ya zamani yaliyohifadhiwa ghalani, na waweke utaratibu wa kuazimiana vitabu kati ya maktaba na maktaba. Ombi letu la mwisho ni dogo: utupendekezee kitabu kimoja ulichowahi kukipenda, hata kama jina lake limekutoka. Tutakitafuta.

Tunaomba kuwasilisha.