Saketi au dragi: jibu langu kuhusu Impreza yako

Mombasa

Ndugu yangu,

Salaam nyingi kutoka huku pwani. Barua yako imenifikia. Umeuliza mambo mengi, hata ile tabo kubwa unayouziwa (tabo ni pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), lakini yote yanarudi pale pale: hiyo Subaru Impreza WRX yako uitengeneze kwa mbio za dragi au za saketi? Nakujibu mwanzoni usije ukaruka kurasa: saketi. Sababu ya kwanza ni giaboksi uliyonayo, ya pili ni mji unaokaa.

Huko gereji utaambiwa "tuiongezee nguvu kwanza, mengine baadaye". Hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Dragi ni mita 402, au nusu yake 201, mstari mnyoofu, gari la aina yako linamaliza kwa sekunde 13 au 14, kisha unarudi kwenye foleni na injini inapoa. Saketi ni uwanja wa kuzunguka wenye kona, dakika 15 hadi 20 mguu ukitoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki na kurudi. Dragi huvunja vitu kwa mshtuko, saketi huvipika kwa joto. Kipuri kinachostahimili mshtuko mara nyingi hakina faida yoyote dhidi ya joto, na kuna mahali mahitaji yanapingana kabisa. Mfano mdogo ni petroli. Kwenye dragi unaingia na robo tangi ili gari liwe jepesi. Ukiingia saketi na robo tangi, kwenye kona ndefu mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, mchanganyiko unakosa petroli injini ikiwa kwenye busti kamili (busti ni mgandamizo wa hewa inayosukumwa na tabo), na pistoni inaweza kuyeyuka. Saketi usishuke chini ya nusu tangi.

Sasa giaboksi. Yako ni ya gia tano, si ile ya gia sita ya STI, toleo kali zaidi la Impreza, na udhaifu wake unajulikana dunia nzima: gia ya tatu hukatika meno. Gari la kuvuta magurudumu mawili ukiachia klachi kwa nguvu, matairi yanateleza, na huko kuteleza ndiko kunakookoa chuma. Lako linashika kwa magurudumu yote manne. Mshtuko hauna pa kutokea, basi unaishia kwenye meno ya gia. Tena meno yenyewe yamekatwa kwa mshazari, na yakibebeshwa mzigo mkubwa yanasukuma shafti zitengane. Ganda la giaboksi linapinda kidogo, meno yanagusana kwenye ncha badala ya uso mzima, na hapo ndipo yanapong'oka. Kwenye saketi giaboksi hiyo hiyo, ukibadilisha gia bila kuilazimisha na ukiacha nguvu ya injini karibu na ya kiwandani, inadumu vizuri. Kuondoka kwa kishindo ni mara moja tu, kama kupo.

Kuhusu mji wako. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama kilopaskali 83. Hapa Mombasa ni 101. Geji ya busti inapima kilichozidi hewa ya nje. Kwa hiyo geji ikisoma baa 1 huku kwetu, injini inapata kilopaskali 200 na ushei. Huko kwako geji hiyo hiyo ikisoma baa 1, injini inapata 183 hivi. Ukitaka kulingana na Mombasa, tabo lazima ikandamize hewa mara 2.4 badala ya mara 2. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na tabo ndogo kama yako inakaribia ukingo wa uwezo wake. Dragi karibu yote ni nguvu na uzito, kwa hiyo ungekuwa unalipia kwanza kile mwinuko ulichokunyima. Kwenye saketi, kona haijali mwinuko.

Na hata nguvu yenyewe hailipi kama watu wanavyodhani. Muda wa mita 402 unafuata mzizi wa tatu wa uwiano wa uzito na nguvu: ongeza nguvu kwa asilimia 10, muda unapungua kwa asilimia 3 hivi. Kwenye sekunde 13.5 hiyo ni kama sekunde 0.4. Mwenzako aliyefunga matairi bora na pedi za maana anapata zaidi ya hapo kwenye mzunguko mmoja wa saketi, bila kugusa injini.

Tuingie kazini. Anza na breki, na uanze na mafuta yake. Gari lako pamoja na wewe ndani ni kama kilo 1,400. Kulishusha kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 80 kunazalisha megajuli 1.4 za joto, zinazotosha kuchemsha lita nne na nusu za maji ya bomba jikoni kwako, kwa kukanyaga mara moja. Kwenye mzunguko mmoja utakanyaga hivyo mara kadhaa, na sehemu kubwa ya joto hilo inaishia kwenye diski mbili za mbele. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu kwa mwaka mmoja au miwili, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa viputo vya mvuke, mvuke unabanika, na pedali inaenda hadi sakafuni. Nunua lita moja ya mafuta ya mbio yasiyochemka, yakiwa mapya, kabla ya kuvuka nyuzi 300, toa ya zamani yote kwa mpangilio wa magurudumu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na uyabadilishe kila baada ya matukio mawili matatu. Usikubali DOT 5 ya silikoni eti kwa kuwa namba ni kubwa. Haichanganyiki na yaliyopo na haifai gari lenye ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukishika breki. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo haina shida.

Kisha pedi. Pedi za mjini huanza kulegea diski ikifika nyuzi 350 au 400, za saketi hufanya kazi hadi 650 na zaidi. Ubaya wake ni kwamba asubuhi zikiwa baridi zinashika vibaya na zinapiga kelele. Funga za saketi siku ya mbio, uzivue ukirudi nyumbani. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayeijua. Zikiwa mpya zitandike: punguza kutoka 100 hadi 20 mara nane au kumi mfululizo bila kusimama kabisa, halafu endesha polepole dakika 15 zipoe. Jifunze pia kusoma mguu wako. Pedali ikiwa laini na inazama, mafuta yamechemka. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halipungui mwendo, pedi zimezidiwa. Watu hununua kalipa kubwa za bei mbaya wakati tatizo lilikuwa mafuta ya miaka minne. Ukimaliza kukimbia, fanya mzunguko mmoja wa taratibu, kisha egesha ukiwa kwenye gia. Usivute breki ya mkono diski zikiwa za moto.

Matairi yanafuata, na hapa usibane pesa. Rimu za inchi 17 zenye upana wa 7.5 au 8, nati tano kwenye duara la milimita 100 (pima kabla ya kununua, kwa sababu Impreza nyingine, hasa za STI za kuanzia 2005, ni 114.3), na tairi za 225/45R17 zenye tredwea (namba ya ugumu wa mpira iliyoandikwa ubavuni) ya 200 au karibu yake. Soma tarakimu nne za mwisho za tarehe ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mitumba ya miaka saba, hata ikiwa na michoro yote, ni ngumu na itakutupa. Anza na psi 27 au 28 zikiwa baridi, ukitoka uwanjani pima mara moja kabla hazijapoa, na ulenge 34 hadi 36. Ukipandisha pumzi hadi 40 kama walivyokuzoesha pale petrol station, tairi inavimba katikati na kingo hazishiki.

Alaimenti ya kiwandani imepangwa kwa ajili ya barabara ya kawaida, ndiyo maana gari linakataa kuingia kona na bega la nje la tairi za mbele linaliwa. Bolti za kemba, yaani za kuinamisha tairi ndani upande wa juu, zitakupa nyuzi 1.5 hadi 2 hasi mbele, ukitaka 2.5 hadi 3 utahitaji sahani za juu za shokabso. Tou ya mbele, yaani tairi kuelekea ndani au nje, iwe sifuri. Ukiongeza stabilaiza nene nyuma, milimita 22 hivi, gari litageuka kwa hiari zaidi. Kabla ya yote hayo badilisha bushi zilizochakaa, la sivyo kila namba utakayoweka itahama ukishika breki. Springi fupi za kupendezesha gari usifunge. Shokabso inagota, na tairi inaruka badala ya kushika.

Oili ndiyo inayoua injini za EJ, aina ya hiyo yako, kwenye saketi. Injini imelala, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni pana na fupi, na kwenye kona ndefu oili inakimbia kutoka kwenye bomba la kuvutia. Sekunde moja mbili bila mgandamizo wa oili zinatosha kukwangua beringi za fimbo. Kabla ya kila zamu jaza hadi alama ya juu ya kijiti, wala si katikati. Weka 5W-40 nzuri au 10W-50 ya sintetiki, funga bati la kuzuia oili kusambaa ndani ya sampu, na ukiwa umeshusha sampu angalia lile bomba la kuvutia kama lina ufa kwenye kiungo. Lililoimarishwa ni bei ndogo ukilinganisha na injini. Ongeza geji mbili, ya mgandamizo na ya joto la oili. Ikivuka nyuzi 130, punguza mwendo. Kipoza oili kiwe na themostati yake, maana huko kwenu asubuhi za Julai oili baridi nayo ni tatizo.

Nguvu iache hapo ilipo kwa sasa, ila kompyuta ipangwe upya kwa ajili ya petroli yako. Gari lililotoka Japani lilipangwa kwa petroli ya huko, ambayo ile ya juu huuzwa kwa oktani 100. Ya kwenu iko chini, na ikichanganywa na mafuta ya taa, kama inavyotokea, injini inagonga ukiwa gia ya tatu na ya nne kwenye busti. Fundi wa kompyuta akuonyeshe mchanganyiko wa hewa na petroli wa 11 hadi 11.5 kwa 1 kwenye busti kamili, na rekodi ya kugonga ikiwa safi. Plagi ziwe za baridi kwa hatua moja, yaani zinazopoa haraka kuliko za kiwandani, mwanya milimita 0.7. Asiyeweza kukuonyesha rekodi usimpe ufunguo.

Ukisema moyo bado uko kwenye dragi, basi uifanye kwa adabu. Mpangilio wa matumizi unageuka: giaboksi ya gia sita pamoja na difu zake kwanza, klachi ya pili, nguvu mwisho. Breki za kawaida zenye afya zinatosha. Dimbwi la maji la kuchomea matairi lizunguke, usipite ndani. Gari la magurudumu manne likiloa hapo linabeba maji hadi mstarini. Ondoka injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, klachi uiachie kwa kuiteleza kidogo, usiitupe. Ikinuka, ipumzishe nusu saa. Saa haianzi taa ikiwa kijani, inaanza tairi likitoka kwenye mwali wa taa ya kipima muda mstarini, kwa hiyo kuchelewa kuitikia hakuharibu muda wako, kunaharibu ushindi tu. Tazama zaidi muda wa mita 18.3 za mwanzo: kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa hapo inarudi kama 0.15 au 0.2 mwishoni. Na dragi ya barabara kuu usiku usiniandikie habari zake kabisa.

Huko Athi River, pale uwanja wa mbio wa Whistling Morans, unaweza kukimbia dhidi ya saa, gari moja moja, bila kugombania kona na mtu. Pata helmeti iliyothibitishwa, kizimamoto cha kilo 2 kilichofungwa kwa bolti, betri isiyotikisika, na usome kanuni za waandaaji kabla ya kulipa kiingilio.

Ile tabo kubwa uliyoambiwa ni ya bahati, mwambie mwenye nayo asante. Itachelewa kujaa kwenye kona za taratibu, na itakapojaa gia ya tatu itakuwa ya kwanza kulalamika. Fedha hizo zinatosha mafuta ya breki, pedi, matairi manne, alaimenti na bati la sampu. Anza kwa kuniandikia namba zilizoko ubavuni mwa matairi yako na tarehe ambayo mafuta ya breki yalibadilishwa mara ya mwisho.

Wasalimie nyumbani.

Wako wa siku zote