Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Walimu wenzangu wa kemia hapa Nakuru, salaam.

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Wanachama wapya kutoka Molo na Naivasha, karibuni sana.

Mwaka huu tumeushughulikia zaidi mjadala mliouchagua wenyewe: metali zenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, vya kiwango cha nanomita (sehemu moja ya bilioni ya mita), zinazotumika kama vichocheo, yaani vitu vinavyorahisisha mmenyuko bila kuisha, vya mimenyuko ya umeme. Mlichagua vyema. Olkaria iko kaunti yetu, mvuke wake wa ardhini unazalisha umeme usiku na mchana, ilhali mkulima wa Njoro angali anapandia mbolea ya ng'ambo. Umeme ukipasua maji, tunapata haidrojeni; haidrojeni ikiungana na nitrojeni ya hewani, tunapata amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea za nitrojeni.

Kinadharia, volti 1.23 zinatosha kupasua maji. Kiwandani huhitajika zaidi, na kichocheo kizuri hupunguza ziada hiyo. Kwa kutoa haidrojeni, nikeli haifui dafu mbele ya platini, lakini platini ni ghali mno. Hapo ndipo vinyweleo vinaposaidia, kwa kuwa mmenyuko hufanyika usoni mwa metali tu. Mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe michemraba ya nanomita 10, jumla inafika mita 600 za mraba!

Mmarekani Murray Raney alitengeneza metali ya namna hii miaka ya 1920 akitafuta njia ya kugandisha mafuta ya mimea. Aliyeyusha nikeli pamoja na alumini, kisha kostiki soda ikaila alumini, nikeli ikabaki imejaa vitundu. Baadaye nikeli ya aina hiyo iliingia kwenye elektrodi, yaani vipande vya metali vinavyopitisha umeme majini, za kupasua maji. Hata hivyo, vitundu vidogo peke yake havitoshi: viputo vya gesi vikikwama ndani, maji hayaufikii uso. Lazima pawe na njia pana za kutolea gesi. Jambo hili naliona zito kuliko yote tuliyojadili, na wanafunzi wetu wanaweza kulielewa.

Sikubali pendekezo la kutengeneza nikeli ya Raney shuleni. Ikikauka huweza kuwaka yenyewe hewani. Badala yake, naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa vipande vya povu la nikeli, yaani nikeli yenye matundu kama sifongo, tuvilinganishe na bati bapa la nikeli katika maabara zetu muhula ujao.

Mwenyekiti