Huwezi Kupendana Peke Yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa watu ninaowaheshimu: kwamba imani ni jambo la mtu na Mungu wake tu, na kwamba anayesoma Biblia chumbani mwake na kusikiliza mahubiri kwenye simu amekwisha kupata yote ambayo angeyapata kanisani. Mahubiri ameyapata, sikatai. Ushirika hajaupata, na pasipo ushirika sehemu kubwa ya Agano Jipya haitekelezeki.

Mitume waliwaagiza Wakristo wapendane, wasameheane, wakaribishane, waombeane na wachukuliane mizigo. Vitenzi vyote hivyo vimebeba kile kiambishi cha "-an-" ambacho kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kuwa hudai watendaji wawili au zaidi. Mtu anaweza kufunga na kusali akiwa peke yake. Kupendana peke yake hawezi, sarufi yenyewe inamkatalia. Basili wa Kaisaria, aliyewaandikia watawa kanuni za maisha katika karne ya 4, aliuliza swali hilohilo kwa namna yake: anayeishi peke yake atamwosha nani miguu?

Wako watakaonijibu kwamba manabii walikwenda nyikani. Ni kweli, lakini tumsome Eliya hadi mwisho. Alilala chini ya mretemu akiomba afe, na alipofika mlima Horebu alilalamika mara mbili kwamba amesalia yeye tu. Mungu alimjulisha kwamba wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti, tena akamwelekeza kwa Elisha, ambaye alimfuata na kumhudumia. Naye Paulo, akiwa kifungoni, hakuona haya kumweleza Timotheo kwamba ni Luka tu aliyebaki naye, wala kumsihi aje kabla ya majira ya baridi na amletee joho aliloliacha Troa. Joho hilo hunigusa kila ninapolisoma: mtume aliyeandika mambo mazito kiasi kile juu ya neema alihitaji mtu wa kumbebea nguo.

Hata hivyo, Mhariri, lawama yote tusiwatupie wanaobaki nyumbani. Mwaka uliopita niliugua nikakosa ibada kwa majuma sita mfululizo, na katika kanisa lenye waumini mamia aliyegundua kwamba sionekani ni mama mmoja mzee ambaye huketi benchi moja nami. Alikuja, akanisalimu, akafua mashuka yaliyokuwa yamelundikana pembeni mwa kitanda, akaniombea kwa maneno machache na kwenda zake. Matangazo ya michango, kwa upande wake, yalinifikia kwenye simu bila kukosa hata juma moja.

Ndiyo maana husikitika ninaposikia Waebrania 10:25, inayotuonya tusiache kukusanyika pamoja, ikitumiwa kuwakaripia watoro wa ibada, huku mstari unaoitangulia, unaotaka "tukaangaliane sisi kwa sisi", ukirukwa. Watu wanaweza kukusanyika kila Jumapili kwa miaka kumi, wakaimba kitabu kimoja na kutoka kwa mlango mmoja, bila yeyote kujua kwamba jirani yake amefiwa, ameachishwa kazi au amechoka kuishi. Mtu wa namna hiyo akiamua kubaki na simu yake, hakuna alichokiacha.

Ningependa wachungaji na wazee wa makanisa wawagawe waumini katika vikundi vidogo, vya watu kumi au kumi na wawili wanaojuana kwa majina na kwa shida zao, na kila kikundi kimpe mtu mmoja kazi ya kuuliza, Jumapili jioni, ni nani ambaye hakuonekana siku hiyo, kisha amtembelee kabla juma halijaisha. Orodha ya wasiokamilisha ahadi zao za michango huandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Orodha ya wasioonekana nayo haitawashinda makatibu walewale.

Msomaji wako wa siku nyingi