Barua kwa mwanangu: rudisha betri

Mwanangu, jana sikulala. Ulivyokuwa unanionyesha chumba kwenye video, simu ikapita darini nikaona kile kidude cheupe cha kugundua moshi, kifuniko kinaning'inia, ndani hamna kitu. Nakuuliza unacheka, eti kinapiga kelele kila ukikaanga samaki, betri umezitia kwenye rimoti. Baba, zirudishe leo. Usingoje wikiendi.

Najua boila ya jengo, ile mashine ya kupasha joto vyumba, imekufa, na baridi ya New York sio hii yetu ya Njombe, huku Julai asubuhi majani meupe kwa barafu ila saa nne jua likitoka mtu anavua sweta. Lakini hiyo hita umeichomeka kwenye ekstensheni pamoja na birika la umeme na chaja, na pazia linaigusa, niliona. Hita inachomekwa ukutani peke yake, inakaa mita moja mbali na pazia na kitanda, na ukilala unazima. Wewe unafanya kazi usiku, mchana unalala kama gogo, nani atakuamsha? Ndo maana nasema betri.

Mjomba ako kanihadithia ule moto wa Bronx, hapo hapo New York, wa Januari 9, 2022, chanzo hita ya umeme, ilikuwa imewashwa siku kadhaa mfululizo. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto, wengi asili yao Gambia, watu walioenda kutafuta kama wewe. Na moto wenyewe haukufika mbali, moshi ndo uliowamaliza, wenye chumba walivyokimbia mlango haukujifunga, moshi ukapanda ngazi mpaka juu, jengo la ghorofa 19. Kwahiyo ukikimbia vuta mlango nyuma yako.

Na hilo la kuwasha oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi upate joto, nani kakufundisha? Au ni mimi. Usiku ule wa jiko la mkaa sirudii, unaukumbuka, mdogo wako hajui na sijawahi kumwambia. Mpaka kanga nilisokomeza chini ya mlango, nikijua nawakinga. Ile hewa ya sumu, ya mkaa na ya gesi ni hiyo hiyo, haina harufu wala rangi, kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, unadhani malaria. Tangu siku ile jiko langu halivuki kizingiti. Na kidude cha moshi hakiijui hiyo hewa, kuna kingine chake, uliza kama kipo hapo kwako.

Hela ya bati imefika, kanisani nimewaambia wote ni mwanangu huyo. Ila upole wako umezidi, unaona aibu kumsumbua mwenye nyumba wakati mjomba ako anasema ni sheria, kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31 akupe joto, nje ikishuka chini ya nyuzi 55 kwa vipimo vyao vya Fahrenheit basi mchana ndani iwe 68, na usiku isipungue 62. Asipofanya piga 311, namba ya jiji ya malalamiko. Kodi si unalipa?

Fundi kaezeka nusu kapotea, ntamfuata kesho. Mbuzi kazaa mapacha. Parachichi bei imeshuka, nimeacha kwanza mtini. Sweta nimebakiza mkono mmoja.

Ukishaweka betri bonyeza kile kitufe cha katikati huku umenipigia, nataka nikisikie kikilia. Hata kama huku ni saa nane usiku, piga.

Mama